Mizani haioni chenga: namna ubora wa dawa za mRNA unavyopimwa

Anayenunua mchele wa Kyela katika soko la Mwanjelwa haridhiki na mizani peke yake; huchota konzi moja, akaitandaza kiganjani na kuangalia punje nzima zimezidi chenga kwa kiasi gani. Konzi hiyo ndiyo huwaelezea wanafunzi wa maabara hapa Mbeya wanaponiuliza kwa nini sampuli moja ya mRNA, mnyororo unaobeba maelekezo ya kutengeneza protini ndani ya seli, ipimwe kwa njia nyingi.

Mizani yetu ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 260. Hueleza kiasi cha RNA, jamii ya molekuli ambayo mRNA ni mojawapo, lakini mnyororo uliokatika hufyonza mwanga huo karibu sawa na mzima. Tena chenga za mchele hupikwa zikaliwa, ilhali mRNA ya chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech, yenye nyukleotidi (viungo vya mnyororo) 4,284, ikikatika mahali pamoja tu haiwezi kutoa protini kamili. Kwa hiyo hutumika elektroforesisi ya kapilari: RNA hutolewa kwanza katika vifuko vyake vya lipidi (mafuta), kisha umeme huivuta ndani ya jeli, vipande vifupi vikitangulia na minyororo mizima ikifuata.

Urefu kamili nao hautoshi. Kofia ya mwanzoni mwa mRNA, ambayo ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, huitegemea ili kuanza kusoma, ni ndogo mno kutambulika kwa jeli. Ncha ya mRNA yenye kofia hiyo hukatwa kwa kimeng'enya na kupimwa kwa spektrometa ya masi, chombo kinachopima uzito wa molekuli. RNA ya nyuzi mbili, masalia ya utengenezaji yanayoshtua kinga ya mwili, hutafutwa kwa kingamwili.

Jambo lililonigusa zaidi lilichapishwa mwaka 2021 na watafiti wa kampuni ya Moderna. Walionyesha kwamba lipidi zinazobeba mRNA zikioksidika huweza kuzaa aldehidi, kemikali zinazojishikiza kwenye besi (herufi) za mRNA. Mnyororo hubaki mzima na elektroforesisi ya kapilari huupitisha bila shaka yoyote, kumbe seli haiwezi tena kuusoma. Kasoro hiyo ilifichuliwa na kromatografia, mbinu ya kutenganisha molekuli kwa tabia zake za kikemikali.

Tangu nilipousoma utafiti huo, sikubali ripoti isiyo na kipimo cha seli hai, ambacho huingiza dawa ndani ya seli na kupima protini inayotoka. Ni kipimo cha polepole, na seli za leo hazilingani kabisa na za juma lililopita, hivyo sampuli ya rejea lazima iwekwe katika sahani ileile pamoja na inayochunguzwa.