PHP kwa anayeanza: yanayosemwa na yalivyo

"PHP imekufa, usipoteze muda."
Kauli hii huwavunja moyo watu kabla hawajaandika hata mstari mmoja, nayo si kweli. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1994, ndiyo inayoendesha Wikipedia na tovuti zote za WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), na toleo la 8 lilitoka 2020. Kilichozeeka ni baadhi ya masomo yake. Ukikuta somo linalotumia `mysql_connect`, amri ya zamani ya kuunganisha na hifadhidata, achana nalo, maana amri hiyo iliondolewa katika toleo la 7, mwaka 2015.

"Faili la PHP unalibofya tu, linafunguka kama la HTML."
Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo. Kivinjari hakijui PHP hata kidogo. Seva, yaani programu inayovitumia vivinjari kurasa, ndiyo husoma msimbo, ikautekeleza, kisha ikatuma matokeo, ambayo mara nyingi ni HTML, lugha ya kupanga kurasa ambayo kivinjari huielewa. Ukilibofya faili lenyewe, seva haijahusika, na utaishia kuuona msimbo mtupu. Sakinisha PHP, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda yako, andika `php -S localhost:8000` ili kuwasha seva, halafu fungua anwani `localhost:8000` kwenye kivinjari.

Sasa jaribu hili: chapisha saa kwa `echo date("H:i:s");`. Saa itaonekana, lakini haitembei. Si kosa lako. PHP ilishamaliza kazi yake kabla ukurasa haujakufikia. Ukitaka sekunde zihesabike mbele ya macho yako, hiyo ni kazi ya JavaScript, inayotekelezwa ndani ya kivinjari. Kwangu mimi, zoezi hili dogo lina faida kuliko kukariri amri hamsini.

"JavaScript ni Java nyepesi."
Hapana. Brendan Eich aliiunda JavaScript mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya Netscape, ikaitwa Mocha, kisha LiveScript. Jina la sasa iliazima kwa Java, lugha nyingine iliyokuwa inavuma wakati huo.

"Makosa mengi ni dalili kwamba huna kipaji."
Inaniuma kila ninapomsikia mwanafunzi akisema hivi. Ujumbe wa kosa ni msaada: hutaja faili na mstari. Ila usome kwa makini. Ukisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari wa 7, huenda PHP ikalalamikia wa 8, kwa kuwa ndipo ilipogundua mambo hayaendi sawa. Anza kukagua mstari wa juu yake.

"Nimeweka `required` kwenye fomu, basi iko salama."
`required` huzuia fomu kutumwa ikiwa sehemu hiyo haijajazwa, lakini ukaguzi huo hufanywa na kivinjari, na kivinjari kiko mikononi mwa mtumiaji. Anaweza kuufuta au kutuma data bila kuigusa fomu yako. Kagua tena kwenye seva. Usiunganishe alichoandika mtu moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya hifadhidata. Tumia `prepare` na `execute` za PDO, zana ya PHP ya kuwasiliana na hifadhidata, ambazo hutenganisha amri na data. Na kabla ya kurudisha alichoandika kwenye ukurasa, kipitishe kwenye `htmlspecialchars`, ili kivinjari kikione kama maandishi tu, si msimbo. Fanya hivyo tangu fomu yako ya kwanza kabisa, hata kama ni ya mazoezi.