Kuhesabu tai na mwewe wanaorudi kaskazini: yanayoaminika Nakuru na Kisumu, na ukweli wake

Mwezi Machi na Aprili, ndege mbuai waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia hurudi kwao kuzaana, na wengi hufuata Bonde la Ufa. Kwao ni majira ya kuchipua. Kwetu ni masika. Kanuni za kuhesabu zilizotungwa kwa anga la mbali huwapotosha wengi hapa.

“Panda kilima kabla ya jua kuchomoza.”

Hakuna haja. Tai na shakivale (mbuai wa jamii ya tai, mdogo kuliko tai) wana mabawa mapana ya kuelea, na kuyapiga mwendo mrefu huwachosha. Hungoja ardhi ipate moto na hewa yake ianze kupanda. Kuanzia kama saa tatu asubuhi huinuka, na hadi kama saa tano bado wako chini kiasi cha kuonyesha alama zao. Saa sita hadi saa nane huwa juu mno, na hapo ndipo watu hufunga daftari wakidhani wamekwisha. Pitisha darubini ya 8x42 au 10x42 (inayokuza mara 8 au 10, yenye lenzi ya milimita 42) polepole kwenye kingo za mawingu, kila pito likigusa lililotangulia. Kozi hupiga mabawa, kwa hiyo hupita hata mapema au jioni.

“Siku bora ni ya anga safi.”

Anga la buluu tupu humeza ndege. Mawingu meupe yaliyotawanyika humwonyesha hata aliye mbali.

“Keti penye mandhari mazuri.”

Ukingo wa kusini wa Menengai, kila mgeni hutazama ndani ya kreta, yaani kaskazini, ilhali ndege wa msimu huu hutokea kusini, upande wa Ziwa Nakuru. Geuza kiti. Nakuru iko karibu na ikweta, hivyo mwishoni mwa Machi jua la adhuhuri liko utosini na halikuumizi macho ukitazama kusini. Kisumu, mwenye kungoja tai Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, atangoja sana: juu ya maji hewa ya moto haipandi vizuri, na wenye mabawa mapana huukwepa upana wa ziwa. Afadhali magenge ya Nandi juu ya tambarare ya Kano, ambako upepo wa ziwa wa alasiri hugonga mteremko na kusukumwa juu.

“Hesabu kundi likiwa linazunguka, limekusanyika vizuri.”

Kosa hili huharibu hesabu kuliko yote. Wakizunguka, ndege hufichana, hupishana, wengine huingia chini huku wengine wakitoka juu. Utamhesabu mmoja mara tatu na kumkosa jirani yake. Ngoja wafike kilele cha hewa inayopanda. Hapo hunyoosha mabawa na kutoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Chagua mapema mstari wa kubuni angani, kwa mfano kutoka mlingoti hadi mti fulani, na uhesabu anayeuvuka kwenda kaskazini tu. Anayerudi kusini aandikwe safu yake, kisha atolewe kwenye jumla.

Wakiwa wengi, hesabu kumi wa mwanzo mmoja mmoja, shika kwa jicho upana wa anga walioujaza, kisha tembeza kipimo hicho hadi mwisho wa msururu, ukibonyeza kaunta (kihesabio cha mkononi) mara moja kwa kila kumi. Usirukie mamia, jicho huelekea kupunja makundi makubwa. Wawe watu wawili: anayetazama asiandike, anayeandika asitazame. Mtazamaji akiinama kwenye karatasi, msururu humpotea.

“Kila tai anayepita ni msafiri.”

Shakivale mkazi wa Nakuru, Buteo augur, huzunguka juu ya kilima chake kutwa. Akikomaa ana mkia wa rangi ya kutu. Mwewe wanaorandaranda juu ya majaa ya Kisumu wako kwenye chakula, si safarini. Mdomo wa njano huashiria mwewe wa Afrika, ila kinda wake ana mdomo mweusi, kwa hiyo usiamue kwa mdomo peke yake. Tai wa nyika, Aquila nipalensis, hufanana na mkazi Aquila rapax. Kinda wa nyika ana mstari mpana mweupe chini ya bawa. Akitua karibu, tazama pembe ya mdomo: ya tai wa nyika hupita hadi nyuma ya jicho, ya mkazi huishia katikati. Usipokuwa na hakika andika “tai, aina haijulikani”. Ni rekodi halali.

“Siku bila ndege haina cha kuandikwa.”

Andika sifuri, pamoja na saa ulizokaa, upepo na mawingu. Bila saa, ndege 200 huwezi kuwalinganisha na 200 wa mwaka mwingine.

“Hawa ni wezi wa vifaranga.”

Tai wa nyika, kwa ukubwa wake wote, akiwa Afrika hula sana kumbikumbi na makinda ya kweleakwelea. Tangu 2015 yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kutoweka, na sumu na nyaya za umeme humuua pia. Ukikuta mbuai amekufa chini ya nguzo, usimguse kwa mikono mitupu. Piga picha ya ndege na ya namba ya nguzo, angalia mguuni kama ana pete ya watafiti, nakili maandishi yake yote, kisha ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.