Tabloidi: neno lililotoka kwenye kidonge

Neno tabloidi halikuzaliwa kwenye chumba cha habari. Mwaka 1884 kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome ya London ililisajili liwe jina la vidonge vyake vilivyoshindiliwa. Baadaye likahamia kwenye magazeti ya kurasa ndogo na habari fupifupi, kisha likabeba na tabia: kichwa cha habari kinachopiga kelele, kashfa, picha ya kuvuta jicho. Hayo ndiyo tunayoyaita magazeti ya udaku, ingawa si kila gazeti dogo ni la udaku.

Chukua Daily Mirror la Uingereza. Lilianza Novemba 1903 kama gazeti la wanawake waungwana. Halikuuzika, mwaka uliofuata likageuzwa kuwa la picha. Katika miaka ya 1930, wanunuzi walipopungua, mkuu wake wa uhariri, Harry Guy Bartholomew, akalipindua tena: herufi nene nyeusi, uhalifu, mapenzi, lugha ya mtu wa kawaida, na katuni kwa wingi.

Kwenye katuni ndiko mabadiliko yanakoonekana wazi. Mwaka 1919 Mirror lilikuwa na Pip, Squeak and Wilfred: mbwa, pengwini na sungura, burudani ya watoto. Desemba 1932 akaja Jane wa mchoraji Norman Pett, binti wa mjini na kijibwa chake. Mwanzoni vilikuwa vituko tu vya kuchekesha. Kuanzia 1938 kisa kikawa cha kuendelea, kinakatwa kila siku pale panaponoga ili kesho ununue tena, na nguo za Jane nazo zikawa haziishi kunasa hapa na kuchanika pale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari walimfuatilia kwa hamu, na zilikuwepo siku ambazo hakubakiwa na uzi mwilini. Kwangu mimi huo ulikuwa utani zaidi ya udaku: Jane ni wino, hana mume wa kuaibika wala mama wa kulia.

Katuni yake ilikoma Oktoba 1959. Miaka kumi baadaye Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti kutoka Australia, akanunua gazeti shindani la The Sun, na mwaka 1970 ukurasa wake wa tatu ukaanza kuweka msichana wa kweli, kifua wazi. Mirror nalo halikutulia: katuni yake ya Garth, yule pande la mtu, ilipofika mikononi mwa mchoraji Frank Bellamy mwaka 1971, wanawake waliomo wakazidi kuvuliwa nguo. Haikusaidia. Mwaka 1978 The Sun likalipita kwa mauzo.