Mlio wa kutafutia bata mzinga mwitu

Mlio wa kutafutia ni sauti anayoitoa mwindaji ili bata mzinga dume alie na kujulikana alipo. Kazi yake inaishia hapo. Kumvuta dume asogee ni kazi ya mlio wa kuiga jike, na wengi huharibu mawindo kwa kuchanganya hivyo viwili.

Huko Marekani, kwao ndege huyu, madume huwindwa zaidi majira ya kuchipua, wakati wa kupandana. Siku hizo dume hushtushwa kwa urahisi na sauti kali ya ghafla: radi, mlango wa gari ukibamizwa, kunguru akipiga kelele. Akishtuka, mlio humtoka bila kukusudia.

Alfajiri na jioni, ndege wakiwa juu ya miti wanamolala, huigwa bundi mwenye milia: milio 8, minne kisha minne, wa mwisho ukishuka. Unaweza kuutoa kwa mdomo au kwa filimbi. Lakini ngoja kwanza. Pengine bundi wenyewe wataanza, au dume atalia bila kuchokozwa, na hapo huna haja ya kupuliza chochote. Jua likishapanda, sauti ya kunguru hufaa zaidi: milio mikali mitatu au minne, kisha kimya.

Hicho kimya ndicho chenye thamani. Dume mara nyingi hulia papo hapo, hata kabla hujamaliza, kwa hiyo ukipuliza kwa muda mrefu unamfunika mwenyewe. Mkiwa wawili, mmoja apulize na mwenzake asikilize akiwa hatua 20 au 30 pembeni. Msipopata jibu, songeni mbele, hasa penye mwinuko, mjaribu tena. Kutojibu si ushahidi kwamba hayupo: huenda upepo unameza sauti, huenda yuko na majike, huenda amekwisha kusumbuliwa na wawindaji.

Akijibu, acha kupuliza. Shika mwelekeo, jongea ukijificha nyuma ya miti na mabonde hadi ubakize kama mita 100 hivi kumfikia. Msitu ukiwa wazi, ishia mbali zaidi, maana macho yake ni makali mno. Kaa chini, mgongo ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako. Hapo sasa ndipo uanze mlio wa jike. Anayeutumia huku anatembea hujikuta dume amefika naye bado amesimama wima, na kwa siku hiyo ndege huyo amekwenda.

Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na usinyemelee sauti ya bata mzinga uliyoisikia karibu: anayelia anaweza kuwa mwindaji mwenzako. Ukimwona mtu, mwite kwa sauti ya kawaida, usimpungie mkono. Majimbo mengi yamekataza sauti zilizorekodiwa, basi soma kanuni za jimbo kabla ya kubeba spika.