start_response na exc_info: heda za jibu hubadilika mpaka lini?

WSGI ni makubaliano kati ya seva ya wavuti na programu ya Python. Yaliandikwa 2003, yakarekebishwa 2010 yaendane na Python 3. Chini yake programu haitumi jibu yenyewe. Inaita start_response na kuikabidhi hali ya jibu, mfano '200 OK', pamoja na orodha ya heda (mistari ya maelezo inayotangulia jibu), kisha inatoa mwili wa jibu kipande kwa kipande, kwa baiti.

Wengi hudhani ukishaita start_response heda zimeondoka. Bado. Seva huzishikilia mpaka ipate kipande cha kwanza chenye kitu ndani. Fikiria Hiace ya Moshi–Arusha: ikiwa stendi, kibao cha kioo cha mbele kinabadilishika, ikishafika Bomang'ombe, umechelewa.

Tuseme programu ya tiketi za mabasi imeshasema '200 OK', halafu hifadhidata inagoma kabla ya kipande chochote kutoka. Ndani ya except, sehemu ya Python inayoshughulikia kosa, unaita start_response tena, safari hii na hoja ya tatu, exc_info, yaani taarifa za kosa lililotokea:

start_response('500 Internal Server Error', heda, sys.exc_info())

Heda za mwanzo zinafutwa zote, hata kuki ulizoweka, kwa hiyo Content-Type (aina ya maudhui) iandikwe upya. Content-Length (urefu wa mwili) nayo, ukiiweka, ihesabu baiti za ujumbe wa kosa, si za orodha iliyokwama. Ukiita mara ya pili bila exc_info, hilo lenyewe ni kosa.

Na kama heda zimeshatoka? start_response huirusha upya hitilafu ileile. Usiimeze. Iache ipande hadi kwenye seva, iandikwe kwenye logi na muunganisho ukatwe, ili kivinjari kiwe na njia ya kujua jibu halikukamilika. Kuongeza "samahani, kuna tatizo" katikati ya JSON ni kumharibia mteja mara mbili.

Dawa nyepesi, kwa orodha ndogo kama mabasi ya siku moja: soma safu zote kwanza, ndipo uite start_response. Kutoa safu mojamoja kuachie faili kubwa.

Ukikuta logi inasema 200 huku mteja analalamika orodha imeishia basi la saa nne, usianze kulaumu mtandao. Tazama yield ya kwanza, yaani mstari unaotoa kipande cha kwanza, iko wapi, na ni swali gani la hifadhidata linaloulizwa baada yake.