Upumuaji wa mashapo ya bahari: maana yake na namna unavyopimwa

Mashapo ni matope, mchanga na mabaki ya viumbe yaliyotuama chini ya bahari. Ikisemwa kwamba yanapumua, maana yake ni kuwa viumbe waliomo, hasa bakteria, wanaozesha mabaki yaliyoanguka kutoka juu, na kwa kazi hiyo oksijeni ya maji hutumika na kaboni dayoksaidi hutolewa. Sambamba na hilo, amonia na fosfati hupanda kutoka matopeni, huku salfeti, aina ya chumvi ya salfa iliyomo katika maji ya bahari, ikishuka kuingia matopeni. Kinachopimwa ni kiasi cha kemikali kinachovuka mita moja ya mraba ya sakafu kwa siku, kwa kawaida katika milimoli, yaani elfu za moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabu molekuli; mikromoli ni elfu ya milimoli.

Oksijeni haifiki mbali. Kwenye matope ya pwani huisha ndani ya milimita chache. Bahari kuu, ambako chakula kinachofika chini ni haba, hushuka sentimita kadhaa au zaidi. Katikati ya Pasifiki ya Kusini imekutwa hadi kwenye mwamba ulio chini ya mashapo yote. Pale inapoisha, bakteria hugeukia naitreti, kisha manganizi na chuma, kisha salfeti. Salfeti hutoa nishati kidogo, lakini lita ya maji ya bahari ina takriban milimoli 28 za salfeti, mara mia moja hivi kuliko oksijeni. Kwa hiyo katika matope ya pwani sehemu kubwa ya uozeshaji hufanywa kwayo, na zao lake ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba kupima oksijeni ni kuiacha kazi hiyo yote ya chini nje ya hesabu. Sivyo. Salfaidi nyingi hupanda na kuungana na oksijeni karibu na uso, kwa hiyo deni lililokopwa chini hulipwa juu. Linalobaki bila kulipwa ni salfaidi iliyofungwa na chuma na kuzikwa kama pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, na naitreti iliyogeuka gesi ya naitrojeni ikaenda zake.

Njia inayoeleweka upesi ni ya kisanduku kisicho na kitako. Hushushwa hadi kikazama kidogo matopeni, kikafungia maji juu yake, na maji hayo hukorogwa polepole huku sampuli zikichukuliwa kwa vipindi. Tuseme kimo cha maji ni sentimita 20, na oksijeni imeshuka kutoka mikromoli 220 hadi 190 kwa lita katika saa 6. Kwa kuwa mita ya ujazo ni lita elfu, upungufu huo ni milimoli 30 kwa mita ya ujazo. Ukizidisha kwa mita 0.2 unapata milimoli 6 kwa mita ya mraba katika saa hizo 6, yaani 24 kwa siku.

Njia ya pili hutumia elektrodi, yaani kitambuzi cha oksijeni, nyembamba kuliko unywele. Niels Peter Revsbech wa Denmark na wenzake walianza kuitumia matopeni karibu na mwaka 1980. Hushushwa hatua kwa hatua, na mteremko wa oksijeni unaosomwa, yaani kasi inavyopungua kadiri unavyoshuka, huingizwa kwenye kanuni ya usambaaji (jinsi kitu kinavyoenea chenyewe kutoka kilipo kingi kwenda kilipo kidogo) ambayo Adolf Fick aliitoa mwaka 1855.

Majibu ya njia hizi mbili mara nyingi hayalingani, na si lazima mojawapo iwe na kasoro. Elektrodi husoma oksijeni inayopenya yenyewe mahali padogo sana. Kisanduku hujumlisha pia minyoo na kombe, pamoja na maji wanayoyasukuma ndani ya mashimo yao. Palipo na wanyama wengi, tofauti hiyo ni kubwa, nami naiona kuwa habari yenye thamani kuliko namba yoyote moja.

Kwenye mchanga wa chembe kubwa njia zote mbili hupata shida, kwa kuwa mawimbi na mikondo husukuma maji kati ya chembe, jambo ambalo kisanduku hulizuia na kanuni ya Fick hailihesabu. Hapo hufaa njia iliyoletwa na Peter Berg na wenzake mwaka 2003: vitambuzi husimamishwa juu ya sakafu bila kuigusa, vikipima mara nyingi kila sekunde mwendo wa maji kwenda juu na chini pamoja na oksijeni yake. Na pale mwanga unapofika, mwani wa sakafuni huzalisha oksijeni, hivyo upumuaji wenyewe hupimwa gizani.