Kukasimu siyo kumtupia mtu kazi (na siyo kukaimu pia)

Wiki hii nimelisikia mara ya tatu, nikashindwa kunyamaza. Kikao kimeisha, kiongozi wa timu kafunga laptopu yake, akamwambia kijana aliyekaa pembeni "basi hiyo ripoti nimekukasimu, Jumatatu niione", akatoka zake. Kijana naye kaandika kwenye daftari: "nimekaimiwa ripoti". Mmoja kakosea maana, mwingine kakosea neno, na wote wawili wameondoka wameridhika kabisa.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Kukasimu ni kumpa mtu sehemu ya madaraka yako, afanye au aamue jambo kwa niaba yako, ndani ya mipaka uliyomwekea, huku wewe ukibaki wa kujibu matokeo yakiwa mabaya. Ni hivyo tu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa, ila akumbuke nimesema sehemu, nimesema madaraka, nimesema mipaka na nimesema ukibaki, na hakuna hata moja kati ya hayo manne lililokuwepo pale kwenye kile kikao.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe maana ndilo linaloniuma. Kasimu limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wake ni zile herufi tatu za qaf, sin na mim, na maana yake ya kwanza ni kugawanya, kukata mafungu. Wengi tuna rafiki au ndugu anaitwa Kasimu, basi jina lake ni mgawaji, yule anayetoa mafungu. Kwenye bajeti kuna kasma, ndilo lile fungu la pesa lililotengwa kwa shughuli fulani, huwezi kulichukua ukalifanyia shughuli nyingine bila kuulizwa. Halafu kuna kismati, tunasema mtu ana kismati kwa maana ya bahati, lakini ukilifuata mpaka chini ni fungu lake tu, alilogawiwa. (Mzizi huohuo kwa Kiarabu unazaa pia neno la kiapo, qasam, ila hilo niliache, nikianza nalo hatutamaliza leo.) Kwa hiyo tangu mwanzo neno lina picha ya kitu kinachokatwa, fungu moja linaenda kwa fulani na mengine yanabaki kwa mwenyewe. Haliwezi kuwa na maana ya kubeba mzigo mzima na kumshushia mwenzako.

Kukaimu ni ukoo mwingine kabisa, wala siyo binamu. Hilo linatoka kwenye mzizi wa kusimama. Qaim ni aliyesimama, na zamani cheo chenyewe kiliitwa qaim maqam, yaani aliyesimama mahali pa mwenziwe. Uturuki mpaka leo mkuu wa wilaya anaitwa kaymakam, ndilo neno hilohilo. Sisi tumechukua kipande cha mbele tukapata kaimu, tumechukua na kipande cha nyuma, maqam, mahali pa kusimama, tukapata makamu. Kwa hiyo kaimu na makamu ni ndugu wa tumbo moja. Na ukichimba zaidi utakuta kiyama humo humo, siku ambayo watu watasimama, na hata kima, kile cha kima cha chini cha mshahara, mzizi ni huo.

Tofauti yake kazini ni hii. Kaimu anakaa kwenye kiti. Mwenye kiti hayupo, kasafiri, anaumwa, kastaafu na hajapatikana mwingine, basi kaimu anakalia kiti chote na miguu yake minne mpaka mwenyewe arudi au aletwe mpya. Aliyekasimiwa hakai kwenye kiti cha mtu. Mwenye kiti yupo, pengine yuko chumba cha pili anakunywa maji, ila kuna fungu moja la maamuzi amelikata akampa huyu. Kumkaimisha mtu ripoti ni kitu kisichowezekana, ripoti siyo kiti. Na ukisikia "bosi kanikasimu kwa sababu yuko likizo" muulize vizuri, huenda kakaimishwa, huenda kapewa mambo mawili tu ya kusaini, na watu wengi wameingia matatani kwa kutojua lipi ni lipi, wamesaini vitu ambavyo havikuwa kwenye fungu lao.

Haya, hilo la neno limeisha, nadhani. La maana ndilo baya zaidi kwa sababu linaharibu kazi za watu.

Kinachokasimiwa ni madaraka. Kazi hugawiwa, hupangwa, hupewa mtu, na hakuna ubaya wowote hapo, kila siku tunapeana kazi. Lakini siku hizi kila kazi inayohama meza inaitwa "nimekasimu", nafikiri ni kwa sababu linasikika la kiofisi zaidi kuliko "nimekupa", na mtu akisema amekasimu anajiona kiongozi wa kisasa aliyesoma menejimenti. Kumbe alichofanya ni kuhamisha uchovu.

Mimi yalinikuta. Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, tulikuwa na mradi wa kuhamisha kumbukumbu zote kwenda kwenye mfumo mpya, meneja akanikuta koridoni akaniambia "huu mradi nimekukasimu wewe, simamia". Nikafurahi, nani asingefurahi. Siku mbili baadaye ile kampuni iliyotuuzia mfumo ikaandika imeili ya mstari mmoja, je, mafunzo ya watumiaji yanaweza kusogezwa toka Jumanne kwenda Alhamisi? Nikajibu palepale, sawa, Alhamisi. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba wanashukuru na wanasubiri uthibitisho wa meneja. Nikamforwadia meneja. Meneja kasafiri. Akarudi, akasahau. Nikamkumbusha, akasema "si nilishakukasimu wewe?" Nikawaandikia tena, nao wakasema tena wanasubiri meneja, kwa sababu jina lililoko kwenye mkataba ni la kwake na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Siku kumi na moja zikapotea kwa kuhamisha Jumanne iwe Alhamisi, na kwenye kikao cha tathmini nikaulizwa mimi kwa nini mradi niliokasimiwa umechelewa.

Yaani alinikasimu koridoni, tukiwa wawili. Madaraka uliyopewa kwa siri hayafanyi kazi, maana madaraka ni kitu ambacho wengine wanakitambua, usipowaambia hao wengine basi aliyekasimiwa anabaki na cheo kinachojulikana na watu wawili duniani na mmoja wao kasahau.

Baadaye nikafanya kazi chini ya mama mmoja ambaye hata neno lenyewe sikuwahi kumsikia akilitumia, ila alijua kulifanya. Siku ya kwanza ya mradi alituma mesiji kwa watu wote wanaohusika, wa ndani na wa nje, na naikumbuka karibu neno kwa neno: "Kuanzia leo mpaka mradi ufungwe, ratiba na nani afanye nini anaamua huyu. Pesa ikizidi iliyopitishwa, inarudi kwangu. Tarehe ya mwisho ikitaka kusogea, inarudi kwangu. Mengine yote, akisema ndiyo ni mimi nimesema." Mistari minne. Ndani yake kuna fungu, kuna mpaka, kuna muda wa kuanza na kuisha, na lile la mwisho, "ni mimi nimesema", ndilo lililobeba kila kitu, maana yake kama huyu atakosea basi mje kwangu.

Watoa mada za uongozi wanapenda sana kumtaja Yethro, mkwe wa Musa, kwenye kitabu cha Kutoka sura ya 18, aliyemkuta Musa anaamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni akamwambia utajimaliza, weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Sawa, mfano mzuri, ila wote huishia hapo. Ukisoma mstari wa 22 utaona Yethro hakuishia hapo, alisema kesi kubwa waziletee kwako, ndogo waamue wenyewe. Huo ndio mpaka! Na hao wakuu walikuwa wanaamua kweli, hawakuwa wanapanga foleni tu wamletee Musa asaini.

Hata Henri Fayol, yule mhandisi Mfaransa wa migodi aliyeandika kanuni 14 za uongozi mwaka 1916, aliweka madaraka na wajibu kwenye kanuni moja, vinaenda vyote viwili. Watu wetu wanavitenganisha, wajibu unapelekwa chini kwa kijana, madaraka yanabaki juu, halafu tunashangaa kijana hafanyi maamuzi, tunasema hana ujasiri wa kuamua. Ataamuaje na hana cha kuamulia?

Hapa Kiswahili nacho kinatuponza kidogo, nikubali. Kuwajibika kwetu kuna maana mbili. "Kila mtu awajibike" maana yake afanye kazi yake. "Waziri awajibike" maana yake ajiuzulu, abebe lawama, hata kama siyo yeye aliyeshika koleo. Neno moja, na watu wawili tofauti. Kwa hiyo kiongozi akisema "wewe ndiye unayewajibika na hii kazi" hajui mwenyewe amesema lipi, na aliyeambiwa analielewa lile la pili, anarudi nyumbani hapati usingizi. Wenzetu wa miradi wana lile jedwali la RACI, safu ya R ni wanaofanya, A ni anayejibu, C wanaoulizwa ushauri, I wanaopewa taarifa, na sheria yake ni kwamba kila kazi iwe na A mmoja tu, R hata wakiwa saba sawa. Ukikasimu, unamwongeza mtu kwenye R na unampa uwezo wa kuamua, ila kwa aliye juu yako A inabaki wewe. Nimewaona watu wanajaza jedwali zuri lenye rangi halafu A zote wamempa mtu wa chini kabisa ambaye hata kuomba takwimu idara nyingine lazima amkopi bosi.

Upande wa pili nao usijione umeonewa tu, kuna namna yetu ya kuharibu. Mtu kakasimiwa vizuri, mipaka inajulikana, halafu kila jambo dogo anarudi, "bosi, kuna tatizo", anasimama mlangoni anasubiri, bosi anasema "niachie nitaliangalia", na hapo fungu limerudi kwa mwenyewe bila mtu kutamka. Mkifanya hivyo mara tano, mjue hakuna kilichokasimiwa tena. Ukirudi, rudi na uamuzi mkononi, "nimefikiria hivi, naenda kufanya hivi, kama una neno sema". Kufuatilia siyo dhambi pia, kuna wanaodhani ukikasimu ukauliza maendeleo basi umeingilia, hapana, mwenye kubaki na lawama ana haki ya kuuliza imefika wapi. Kinachokera ni kuuliza kila saa mbili na kubadilisha fonti.

Na lingine, ulichokasimiwa usikikasimu tena kwa mwingine kimyakimya. Wanasheria wana kanuni ya zamani ya Kilatini, delegatus non potest delegare, aliyekasimiwa hawezi kukasimu. Kazi yenyewe unaweza kuwagawia wenzako wakusaidie, hesabu, kuandika, kukusanya, lakini ule uamuzi ulipewa wewe kwa jina lako, ukitaka kuupeleka mbele karudi kwa mwenyewe umuombe.

Kwa hiyo yule kijana wa kikao nilimfuata nje. Nikamwambia futa hiyo "nimekaimiwa", hujakalia kiti cha mtu. Akaandika "nimekasimiwa". Nikamuuliza, umeruhusiwa kuomba takwimu za idara ya pili bila kumpitia bosi? Hapana. Unaweza kuamua kipi kiingie na kipi kisiingie? Hapana, anataka kuiona yote. Basi andika "nimepewa ripoti niandike", nikamwambia, ni kazi halali na wala siyo aibu. Na bosi wake, kama utapita hapa na ukajitambua, hukufanya kosa lolote kumpa kijana kazi, siku nyingine mwambie tu "naomba uniandikie ripoti, Jumatatu niione", atakuelewa haraka zaidi na atajua swali la takwimu alilete kwa nani.